Nchi isiyo na upande si nchi ya kuokota

Jioni umeme ukirudi Mulongwe, penye kuchajia simu panajaa vijana. Wengine wanafuata mpira, wengine wanapigana vita. Si vita vya kweli, ni vya kwenye kioo cha simu: ramani ya dunia, rangi nyingi, kila rangi nchi moja. Age of History II, mchezo ambao Mpolandi Łukasz Jakowski aliutoa mwaka 2018, unaingia hata kwenye simu ya bei ndogo na hauombi intaneti. Kijana anachagua nchi, anachagua mwaka, kwa mfano 1914 au 1939, kisha anaanza kupanua rangi yake.

Wazazi wengi wanaona ni kupoteza muda. Pengine wanakosea. Mtoto anayeucheza kwa wiki mbili anajua mahali Rumania ilipo, anajua Ureno ilikuwa na makoloni mangapi, anajua njia ya kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma. Kuna shule ambazo hazijafundisha hivyo kwa mwaka mzima. Tatizo la mchezo liko pengine kabisa, kwenye namna unavyozitendea nchi ambazo hazijaingia vitani.

Katika michezo ya aina hii, nchi isiyo na upande haikai hivyo mpaka mwisho. Kwenye simu, mchezaji anaitumia zawadi ya dhahabu, anaboresha uhusiano kidogo kidogo, anatia sahihi mkataba wa kutoshambuliana, halafu siku moja anaiomba iingie katika muungano wake. Kwenye kompyuta, katika Hearts of Iron IV uliotolewa na kampuni ya Paradox ya Sweden mwaka 2016, kuna kipimo cha mvutano wa dunia, kutoka 0 hadi 100. Kadiri kinavyopanda, ndivyo nchi zilizokuwa zimetulia zinavyopata ruhusa ya kujiunga na kambi. Ikishambuliwa, mlango unafunguka papo hapo, kwa sababu sasa ina adui mmoja na wale wengine.

Mchezo wa mezani Axis & Allies, katika toleo lake la vita vya 1940, una sheria mbili za kufikirisha. Ya kwanza: nchi isiyo na upande lakini yenye urafiki na kambi fulani, kambi hiyo inaingiza tu kikosi chake humo, na askari waliokuwa wakilinda nchi ile wanakuwa wake. Hakuna kikao, hakuna bunge. Ya pili: ukiishambulia nchi moja ambayo kweli imekataa pande zote, basi nyingine zote za aina yake zinageuka kuwa marafiki wa adui yako. Aliyeitunga sheria hii ya pili alijua jambo kuhusu dunia. Mwaka 1914 Ujerumani iliingia Ubelgiji, nchi iliyokuwa haina upande kwa mkataba wa London wa 1839, na siku hiyohiyo ya tarehe 4 Agosti Uingereza ikawa vitani nayo.

Lakini katika sheria zote hizo, nchi isiyo na upande ni ya kuokota. Ni rangi ya kijivu inayosubiri mtu wa kuipaka rangi yake. Mchezaji hapewi pointi kwa sababu imebaki palepale. Mtu aliyekulia kandokando ya Ziwa Tanganyika ana sababu ya kukataa wazo hilo, na sababu hiyo imeandikwa katika ziwa lenyewe.

Turudi Agosti 1914. Kongo ilikuwa haina upande, na hilo halikuwa neno la mdomoni. Mkataba wa Berlin wa tarehe 26 Februari 1885 uliweka sura nzima juu ya jambo hilo: nchi za bonde la Kongo, ambalo kwa mkataba huo lilifika mpaka pwani ya Bahari ya Hindi, zingeweza kuwekwa nje ya vita hata kama wenyeji wake wa Ulaya wanapigana. Tarehe 1 Agosti 1885 Mfalme Leopold II alitangaza kwamba Nchi Huru ya Kongo haitakuwa na upande daima. Daima ya mfalme ilidumu miaka 29.

Ubelgiji uliposhambuliwa kwao Ulaya, serikali yake bado ilitaka Kongo ibaki nje. Amri ya kwanza kwa jeshi la koloni, Force Publique, ilikuwa kujilinda tu. Upande wa Wajerumani pia gavana wao wa Afrika Mashariki, Heinrich Schnee, hakupenda vita katika koloni lake, ingawa mkuu wa majeshi yake, Lettow-Vorbeck, alivitaka. Waingereza hawakungoja: tarehe 8 Agosti meli zao zilipiga mizinga Dar es Salaam. Kila mmoja alikuwa na karatasi ya Berlin mezani, na kila mmoja aliisoma mahali palipomfaa.

Tarehe 15 Agosti 1914 ilikuwa zamu ya pwani yetu. Wajerumani walikuja kwa maji mpaka Mokolobu, kusini ya Uvira. Walizamisha mitumbwi karibu 15, wakashuka, wakakata waya wa simu. Wiki moja baadaye, tarehe 22 Agosti, meli yao ya Hedwig von Wissmann ilishambulia Lukuga, ndiyo Kalemie ya leo, na kuiharibu meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune. Tarehe 28 Agosti serikali ya Ubelgiji ikaruhusu majeshi ya Kongo kupigana pamoja na Waingereza na Wafaransa. Tarehe 24 Septemba Wajerumani wakakichukua kisiwa cha Idjwi, katika Ziwa Kivu.

Hapo ndipo, kwa lugha ya mchezo, nchi isiyo na upande ilijiunga na muungano. Katika Hearts of Iron lingekuwa dirisha dogo lenye kitufe cha kubonyeza. Kwenye pwani hii lilikuwa mitumbwi 15. Mvuvi wa Uvira anajua mtumbwi mmoja unalisha watu wangapi, na hata mama anayeuza ndagala sokoni anaweza kupiga hesabu hiyo bila karatasi. Wenye mitumbwi ile hawakuwa na koloni, hawakuwa na mfalme Berlin wala Bruseli. Ndio waliokuwa wa kwanza kulipa, siku saba kabla ya meli ya serikali kuguswa.

Kilichofuata kinajulikana zaidi, kwa sababu Wazungu walikiandikia vitabu na filamu. Wajerumani waliunda meli kubwa Kigoma, Graf von Goetzen, ikashushwa majini mwaka 1915. Waingereza walileta boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, kutoka London kwa meli, kwa reli na kwa kukokotwa msituni mpaka Lukuga. Desemba 1915 wakaiteka Kingani, Februari 1916 wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Kisha majeshi ya Kongo chini ya Jenerali Tombeur yakavuka mpaka: Kigali mwezi wa 5 mwaka 1916, Usumbura mwezi wa 6, Kigoma mwezi wa 7, Tabora tarehe 19 Septemba. Kwenye ramani ya simu ni ushindi mzuri sana. Rangi moja inakula nyingine kutoka Rusizi hadi katikati ya Tanzania ya leo.

Ramani hiyo haiwaonyeshi wapagazi. Vita vile havikuwa na barabara wala malori ya kutosha. Chakula, risasi, vyuma vya mizinga, hata vitanda vya maofisa, vyote vilipanda kichwani mwa watu. Upande wa Kongo peke yake zaidi ya watu 200,000 walibebeshwa mizigo katika miaka ile ya vita. Wengi walitolewa vijijini kwa nguvu. Maelfu walikufa kwa njaa, kwa kuhara, kwa baridi ya milimani ambayo hawakuizoea. Nyuma yao mashamba yalibaki na wake na wazee. Hakuna mchezo hata mmoja wa hii unaohesabu mpagazi. Unahesabu bunduki, unahesabu chuma, siku hizi unahesabu mafuta. Mtu aliyebeba yote hayo hana alama yake pale chini ya kioo.

Na malipo? Baada ya vita Ubelgiji ulipewa Ruanda-Urundi iitawale. Familia za wapagazi hazikuwa kwenye meza ile.

Mambo yalijirudia, kwa haraka zaidi. Mwaka 1936 Mfalme Leopold III aliirudisha Ubelgiji kwenye kutokuwa na upande. Tarehe 10 Mei 1940 Ujerumani iliingia tena, tarehe 28 mfalme akasalimu amri. Kongo ingeweza kukaa pembeni. Gavana Mkuu Pierre Ryckmans aliamua kwamba koloni linaendelea na vita upande wa Uingereza, na mwaka 1941 askari wa Kongo walikuwa Ethiopia wakiwashinda Waitaliano kule Asosa na Saio. Uamuzi ule ulikuwa wa haki dhidi ya adui mbaya, hilo halina ubishi. Ila mkulima wa Kivu aliujua kwa njia nyingine: mwaka 1942 siku za kazi ya lazima kwa mwaka zilipandishwa mpaka 120, na watu wakarudishwa msituni kutafuta mpira. Hata muungano mzuri unapelekewa hoja yake na gavana na bili yake kwa mkulima.

Mpaka hapo mchezaji mjanja atasema: basi ni kweli, kutokuwa na upande ni ndoto, mwishowe kila mtu anavutwa, bora ujiunge mapema na mwenye nguvu. Ndivyo simu inavyomfundisha. Ndivyo pia watu wazima wengi wanavyosema siku hizi barazani na kwenye makundi ya WhatsApp, wakizihimiza nchi jirani ziingie, hii ije upande wetu, ile ituletee ndege, kana kwamba ni kuchagua timu.

Mzee yeyote wa Uvira aliyevuka ziwa mwaka 1996 angemjibu kijana huyo kwa swali moja tu: «Mwanangu, wewe unafikiri sisi tulikimbilia wapi?»

Uvira ilianguka Oktoba 1996. Watu walishuka Kalundu, walishuka Fizi na Baraka, wakapanda chochote kinachoelea kuelekea Kigoma. Kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, ilifunguliwa mwaka huohuo kwa ajili ya Wakongomani, na watoto waliozaliwa humo leo ni watu wenye watoto wao. Wakati wa vita vya 1998, Angola, Zimbabwe na Namibia ziliingiza majeshi upande wa Kinshasa, Rwanda na Uganda upande wa waasi. Tanzania na Zambia hazikuingiza majeshi yao. Kwenye mchezo zingekuwa zile nchi za kijivu, za kuokota. Kwetu zilikuwa ufuo wa kushukia. Waliokimbia kutoka kusini mwa ziwa walifika Zambia, na mapatano ya kusimamisha vita yalisainiwa Lusaka, Julai 1999, kwa sababu kulikuwa na mji ambao pande zote zingeweza kukaa bila kuogopana sana. Mapatano yale yalivunjwa mara nyingi, lakini yalihitaji chumba, na chumba kilipatikana kwa aliyekaa nje.

Kuna atakayesema Tanzania nayo baadaye ilituma askari mashariki mwa Kongo, mwaka 2013 chini ya Umoja wa Mataifa na tena mwaka 2023 na SADC. Ni kweli. Nchi hazikai mahali pamoja milele, na hakuna anayezidai ziwe malaika. Hoja ni ndogo kuliko hiyo: siku jirani anapokaa nje, kuna familia inayoishi kwa sababu hiyo, na mchezo hauna namna ya kuihesabu.

Jirani aliyeingia vitani anaweza bado kupokea watu. Burundi ni mfano. Ina askari wake Kivu Kusini kwa makubaliano na Kinshasa, na bado Februari 2025, Bukavu ilipoanguka, makumi ya maelfu ya watu walivuka Rusizi, wengi wakijaa uwanja wa mpira wa Rugombo, Cibitoke. Warundi wa kawaida waligawana nao walichokuwa nacho, na hilo lisisahauliwe. Lakini vita vilipoingia Uvira yenyewe, Desemba 2025, mpaka wa Kavimvira na Gatumba ulifungwa. Serikali iliyo vitani inautazama mpaka kama mstari wa mbele. Mama mwenye mtoto mgongoni anautazama kama daraja. Kipi kitashinda siku hiyo, haamui mama.

Hili linagusa jambo jingine lililo karibu zaidi kuliko Lusaka. Familia iliyohama ikifika mtaani, ikiomba chumba kwa ndugu au nafasi darasani, swali la kwanza mara nyingi linakuwa: «Nyie kule mlikuwa upande gani?» Wanaouliza wengi hawana ubaya, wanaogopa tu. Lakini swali lenyewe limekosea mlango. Familia si nchi. Haina jeshi la kutoa wala ardhi ya kupitishia, haiwezi kusaini muungano na mtu. Sheria za vita za Geneva za 1949 zinamwita mtu huyo raia, na raia analindwa bila kutakiwa kwanza ataje kambi yake. Baba aliyelipa kodi kwa yeyote aliyesimama na bunduki barabarani hajajiunga na muungano. Amepita barabara. Binti aliyepikia askari waliovunja mlango usiku hajajiunga na kitu chochote. Kumuuliza ni kumtendea kama rangi ya ramani, na kuna wengine wameshafukuzwa kwenye nyumba za kupanga kwa jibu ambalo halikumfurahisha jirani.

Wakuu wa mitaa, makanisa na misikiti wanaoandikisha waliohama wangefanya vema kuuliza mambo matatu tu: mko wangapi, nani mgonjwa, watoto wamesoma mpaka darasa la ngapi. La upande waliachie vyombo vinavyohusika, ambavyo navyo vina sheria za kuvibana.

Na vijana wa simu? Wasinyang'anywe simu. Walimu wa historia wa Uvira wana nafasi ambayo wenzao wa miji mingine hawana: vita vikuu vya kwanza vya dunia vilifika hapa ndani ya siku kumi na moja tangu vianze Ubelgiji, na vilifikia kwenye mitumbwi. Mwanafunzi anayeijua Somme na haijui Mokolobu amefundishwa nusu. Wanaocheza wanaweza kujaribu kitu ambacho mchezo hauwaombi: wachague Zambia, au Tanzania, waifikishe mwisho bila kujiunga na kambi yoyote na bila kuachia mipaka yake. Si rahisi. Lazima ujue ni nani umpe nini, nani umkatalie njia bila kumtukana, lini uongeze walinzi mpakani ili usionekane mwepesi wa kuchukuliwa. Kukaa nje ni kazi, tena kazi ya akili kuliko kushambulia.

Kuna meli moja ambayo ingewafaa kwa somo hilo. Graf von Goetzen, ile ya vita, Wajerumani wenyewe waliizamisha karibu na Kigoma Julai 1916 ili isichukuliwe. Iliinuliwa mwaka 1924, ikapewa jina la Liemba, ikafanya kazi ya kubeba abiria na ndagala kwa miaka mingi kuliko yeyote aliyeiunda alivyowaza. Mwaka 1997 shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, HCR, liliikodi. Ilifanya safari 22 kati ya Kigoma na Uvira kwa miezi mitano, ikirudisha nyumbani Wakongomani zaidi ya 75,000. Baadhi yao bado wako Kalundu na Kimanga, wanaikumbuka honi yake, na kijana akiwauliza wanasimulia walipokaa kwenye sitaha na walichobeba.